Kabla Nyundo Haijagonga: Mwongozo wa Kumpata Wakili Benki Inapotaka Kuuza Ardhi Yako

Mkopaji wa Kenya aliyeweka ardhi rehani akashindwa kulipa ana muda mrefu kuliko anavyodhani. Wengi huumaliza muda huo wakiwa wamezima simu na kuwakwepa maafisa wa benki, kisha humtafuta wakili siku wanapoiona nyumba yao gazetini, kwenye ukurasa wa matangazo ya minada. Siku hiyo zimesalia wiki mbili au chini yake. Wakili hodari ataipokea kazi na kukimbilia mahakamani, lakini amekwisha kunyimwa kitu alichokihitaji kuliko hata ada yake, yaani siku za kufanyia kazi.

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyekopa ili ajenge, mama wa duka aliyeweka ploti ya familia rehani ili aongeze bidhaa, muuguzi, mwenye matatu moja, na kila mfanyakazi ambaye hatimiliki yake imefungiwa kabatini mwa benki. Unahusu zaidi benki na kampuni za mikopo ya nyumba zilizosajili rehani kwenye ofisi ya ardhi. Mikopo ya Sacco nitaigusa kwa ufupi tu.

Zihesabu siku zako kwanza

Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 imeweka ngazi ambazo benki hairuhusiwi kuziruka. Deni likikaa mwezi mzima bila kulipwa, benki inaweza kutoa notisi ya kwanza, chini ya kifungu cha 90. Notisi hiyo lazima ieleze umekosea wapi, unatakiwa kulipa kiasi gani, na katika muda gani. Muda wenyewe usipungue miezi mitatu. Lazima pia ikufahamishe kwamba una haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu. Miezi mitatu ikiisha bila malipo, hufuata notisi ya pili, ya kifungu cha 96, ambayo inasema benki sasa inakusudia kuuza. Hapo benki haiuzi mpaka siku 40 zipite tangu ufikishiwe karatasi hiyo. Kisha huja dalali aliyepewa kazi na benki. Kanuni za Madalali za mwaka wa 1997 zinamtaka akupe notisi yake isiyopungua siku 45 ya kuikomboa mali, na mnada usifanyike kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini.

Ukijumlisha, ni zaidi ya miezi sita tangu siku ulipokosa kulipa. Ndiyo sababu nasema bila kusita kwamba siku ya kumtafuta wakili ni siku ya notisi ya kwanza. Siku hiyo anaweza kuzungumza na benki kwa utulivu, kudai taarifa kamili ya akaunti, kumtafutia mteja wake mnunuzi au benki nyingine ya kulichukua deni, na kuipekua rehani yenyewe ukurasa kwa ukurasa. Dalali akishabandika karatasi langoni, mengi ya hayo hayawezekani tena, na gharama za dalali na za matangazo zimeanza kuongezwa juu ya deni lako.

Kuna jambo linalowaponza watu wengi nalo ni dogo sana: sanduku la posta. Benki hutuma notisi kwa barua ya rejista kwenye anwani iliyoandikwa katika hati ya rehani. Ukiwa ulihamishwa kazi kutoka Kitale kwenda Voi na sanduku ukaliacha, notisi itakwenda Kitale, na mahakama huenda ikaridhika na stakabadhi ya posta kwamba ilitumwa ipasavyo. Iandikie benki kila unapobadilisha anwani na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Notisi ya kuuza haimhusu mwenye hatimiliki peke yake. Nakala zake hupaswa kumfikia mume au mke aliyetoa idhini, mdhamini, mwenye hisa katika ardhi hiyo, na mpangaji anayejulikana. Baadhi ya watu hawa nao wana mlango wao wa mahakamani: kifungu cha 103 kinamruhusu mke au mume wa mkopaji, na hata mpangaji, kuomba nafuu kwa jina lake mwenyewe. Mama anayegundua kwamba nyumba anayoishi na watoto iliwekwa rehani bila yeye kutia sahihi asisubiri mzee aamue. Rehani juu ya nyumba ya ndoa haina nguvu ya kisheria bila sahihi au ushahidi wa idhini ya mwenzi, na hoja hiyo ni miongoni mwa chache zinazoweza kuitikisa rehani yenyewe. Katika hali kama hiyo ni vyema awe na wakili wake, tofauti na wa mumewe, kwa sababu maslahi yao huenda yasiwe mamoja.

Wakili wa nani?

Watu wengi, wakipata notisi, hurudi kwa yule wakili aliyewatilishia sahihi karatasi za mkopo. "Si nilimlipa mimi?" Ni kweli ulimlipa wewe. Lakini katika mikopo mingi hapa Kenya wakili anayeandaa rehani huteuliwa na benki na huifanyia kazi benki, ingawa ada yake hukatwa kwako. Kumpelekea siri zako leo ni kuzipeleka upande wa pili. Tena katika miji midogo ofisi nzuri za mawakili ni chache, na kadhaa kati yake zimo katika orodha ya mawakili wa benki hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla hujaeleza lolote, uliza: Je, ofisi hii imewahi kuifanyia kazi benki fulani? Bado inaifanyia? Wakili mwaminifu atajibu papo hapo, na ikiwa ana mgongano wa maslahi atakuelekeza kwa mwenzake.

Je, achukuliwe wakili wa karibu au wa Nairobi? Mimi naegemea wa karibu, kwa sababu zilizo wazi. Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai inataka kesi za kuuza au kukomboa ardhi iliyowekwa rehani zifunguliwe mahali ardhi ilipo. Ofisi ya ardhi yenye rejista yako iko kaunti hiyo hiyo. Wakili wa hapo anawajua wathamini wanaoifahamu bei halisi ya ploti za mtaa wako, anajua msajili wa mahakama hupanga kusikiza maombi ya dharura siku gani, na unaweza kumfikia kwa nauli ya matatu. Kwa upande mwingine, kesi siku hizi husajiliwa kwa intaneti, utaratibu ulioanzia Nairobi mwaka wa 2020, na maombi mengi husikizwa kwa video, kwa hiyo umbali si kikwazo kama zamani. Ikiwa mji wako hauna wakili asiyefungamana na benki, au hauna anayezijua kesi za rehani, chukua wa mji jirani bila wasiwasi.

Ujuzi wa kesi za rehani ndio utakaouangalia kuliko kitu kingine. Wakili mashuhuri wa kesi za jinai, au yule aliyemshindia jirani yako kesi ya mpaka wa shamba, anaweza kupotea hapa. Chukua suala la mahakama pekee. Mtu wa kawaida atadhani kwamba kesi ya ardhi huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba mzozo kati ya benki na mkopaji kuhusu deni na rehani ni mzozo wa hesabu na mkataba, na mahali pake ni Mahakama Kuu. Mkopaji aliyefungua kesi katika mahakama isiyohusika anaweza kuona kesi yake ikitupwa nje huku dalali akiendelea na tarehe zake. Muulize wakili atapeleka kesi yako mahakama gani na kwa nini. Akisitasita, shukuru na uondoke.

Kuhakikisha kwamba ni wakili kweli

Hapa sitarefusha, lakini tafadhali usiruke. Wakili wa Kenya lazima awe amesajiliwa katika orodha ya mawakili na awe na cheti cha kuhudumu cha mwaka huo. Cheti huisha kila tarehe 31 Desemba. Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK, kina ukurasa wa intaneti ambapo mtu yeyote huandika jina na kuona kama mhusika ana cheti hai. Usiishie kwenye jina tu. Mnamo Oktoba 2023 nchi nzima ilizungumzia habari za mtu aliyedaiwa kuhudumu kama wakili kwa kutumia jina lililofanana na la wakili wa kweli. Linganisha namba ya usajili, ofisi na simu, halafu piga simu ya ofisi iliyoorodheshwa huko, si ile uliyopewa mkononi. Ukimkuta nje ya mahakama au ofisi ya ardhi kijana anayesema atakupeleka kwa "wakili wa kusimamisha minada", usimfuate. Kutafutiwa wateja na mabroka ni jambo ambalo sheria ya mawakili imelikataza, na anayekubali kulifanya ameshakuonyesha tabia yake.

Majina mazuri hupatikana kwa watu waliopita njia hiyo. Uliza kwenye chama cha walimu, kwenye jumuiya, kwa wafanyabiashara wa soko lenu: nani alikaribia kuuziwa ardhi na hakuuziwa, na nani alimsimamia? Unaweza pia kwenda mahakamani asubuhi ya siku ya maombi ukaketi nyuma na kusikiliza. Mahakama iko wazi kwa umma. Kwa saa mbili utaona nani huja akiwa amesoma faili na nani huomba kesi iahirishwe kila anaposimama.

Mkutano wa kwanza

Nenda na karatasi zote, hata zile unazoziona hazina maana: barua ya mkopo uliyoitia sahihi, hati ya rehani, notisi zote pamoja na bahasha zake kwa sababu bahasha ina tarehe ya posta, taarifa za akaunti tangu mwanzo, risiti na ujumbe wa M-Pesa wa malipo, barua na jumbe kati yako na afisa wa benki, na nakala ya hatimiliki. Kama hukupewa nakala ya rehani, wakili anaweza kuipata kwenye ofisi ya ardhi. Huko huko atafanya upekuzi rasmi wa rejista ajue nani mwingine ana madai juu ya ardhi hiyo.

Mueleze ukweli wote. Ikiwa ulikopa kwingine kwa dhamana ya ploti hiyo hiyo, sema. Ikiwa uliiandikia benki barua ukikiri deni lote na kuahidi kulipa mwezi wa sita, sema, na umpe nakala. Barua hiyo imo katika faili la benki na itatokea mbele ya jaji wakati mbaya kabisa. Tangu sasa usiandike nyingine kabla wakili hajaisoma. Kuomba muda si kosa, lakini kuna namna ya kuomba isiyoweza kutumika baadaye kama ungamo.

Wakili anayestahili kazi hii atafanya mambo mawili katika kikao hicho cha kwanza. Atahesabu siku, kwa kalenda, akianzia tarehe uliyopokea notisi. Na atakuambia ukweli hata usipopendeza. Tuchukue mwalimu aliyekopa, akalipa miaka mitatu, kisha akaugua na kuacha kulipa. Notisi ziko sawa, zilimfikia, riba iko sawa, mke alitia sahihi. Wakili mzuri atamwambia: "Mwalimu, hapa hatuna kesi, lakini tuna siku hamsini. Tuzitumie." Wakili mbaya atamwambia kwamba kesi iko wazi, alete ada leo, mnada utasimamishwa kesho. Namhurumia sana mwalimu anayemwamini huyo wa pili, kwa sababu fedha atakazompa ndizo zingeweza kuwa malipo ya kuanzia mazungumzo na benki.

Basi wakili hutafuta nini katika karatasi zako? Kwanza, kama kila notisi ilitolewa, ilisema yanayotakiwa, na ilikufikia. Benki ndiyo yenye jukumu la kuonyesha hivyo, na notisi iliyorukwa ni sababu nzito ya kusimamisha mauzo, ingawa mara nyingi matokeo yake ni benki kurudi kuanza upya. Pili, riba. Kwa mkopo ambao riba yake hubadilika, kifungu cha 84 kinataka upewe notisi ya maandishi ya siku 30 kabla ya kupandishiwa. Na kuna kinga ambayo wakopaji wengi hawaijui, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka wa 2007: mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, riba inayodaiwa isizidi deni la msingi lililokuwepo wakati huo. Kama deni la msingi lilikuwa Sh2,000,000 mkopo ulipoanza kuhesabiwa hivyo, riba haiwezi kuzidi Sh2,000,000 nyingine. Jumla ikome kwenye Sh4,000,000, bila kuhesabu gharama za kufuatilia deni. Benki ikikuandikia Sh6,500,000, kuna jambo la kuuliza. Kikomo hiki ni cha taasisi zilizo chini ya Sheria ya Benki. Sacco haimo humo, na mzozo wa mwanachama na Sacco yake kwa kawaida husikizwa na jopo la mizozo ya vyama vya ushirika. Hata hivyo, Sacco inayoshikilia rehani ya ardhi iliyosajiliwa nayo inafungwa na zile ngazi za notisi.

Tatu, thamani. Bei ya chini itakayokubaliwa mnadani lazima itokane na ripoti ya mthamini isiyozidi miezi 12. Kifungu cha 97 kinaipa benki wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana, na bei ikiwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huanza kwa kudhani kwamba wajibu huo umevunjwa, mpaka benki ionyeshe vinginevyo. Ikiwa ripoti ni ya zamani, au inaitaja nyumba ya vyumba viwili ilhali umejenga ghorofa, mthamini wako mwenyewe ni gharama inayostahili kulipwa.

Mahakama husimamisha mnada lini?

Ni muhimu ulielewe hili kabla hujalipa ada ya kesi. Ombi la kusimamisha mnada kwa muda hupimwa kwa masharti yaliyotokana na kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka wa 1973: uonyeshe kwamba una hoja inayoelekea kufaulu, uonyeshe kwamba utapata hasara ambayo fedha haziwezi kuifidia, na jaji akibaki na shaka, hutazama nani ataumia zaidi. Sharti la pili ndilo huwaangusha wengi. Majaji wa Kenya wamesema mara kwa mara kwamba mtu anapoiweka ardhi rehani ameigeuza bidhaa yenye bei, na benki ina uwezo wa kumlipa fidia ikikosea. Machozi kuhusu shamba la babu, ingawa ni ya kweli, hayatoshi. Kadhalika mabishano juu ya kiasi cha deni peke yake kwa kawaida hayasimamishi mauzo, na jaji anaweza kukupa agizo kwa sharti kwamba kwanza uweke sehemu ya deni.

Agizo linalotolewa upande wa benki ukiwa haujasikizwa halizidi siku 14 kabla pande zote hazijaitwa. Wakili akikuonyesha agizo hilo, usifanye sherehe. Muulize tarehe ya kusikizwa kwa pande zote na maandalizi yake ni yapi. Na hata agizo la baadaye likipatikana, hukoma kesi isipoamuliwa ndani ya miezi 12, isipokuwa mahakama ielekeze vingine. Huku nyuma riba inaendelea kukua.

Kwa sababu hizo, kazi bora ya wakili wa rehani mara nyingi haifanyiki mbele ya jaji. Hufanyika kwa barua na kwenye meza ya meneja wa madeni. Chukua ploti yenye thamani ya Sh8,000,000 sokoni, na deni la Sh5,500,000. Kwa kawaida thamani ya mauzo ya haraka hukadiriwa kuwa kama robo tatu ya thamani ya soko, yaani Sh6,000,000. Ikiuzwa mnadani kwa bei hiyo, ukitoa gharama za dalali na za mawakili wa benki, hubaki kidogo sana mkononi. Lakini mwenye ploti akimtafuta mnunuzi mwenyewe kabla ya mnada, benki ikakubali, na wakili wa mnunuzi akaipa benki ahadi ya kitaaluma ya kulipa deni hatimiliki ikiachiliwa, ploti inaweza kuuzwa kwa bei ya soko na familia ikabaki na Sh2,500,000, kabla ya ada na kodi, za kununulia nyingine ndogo. Sheria inakuruhusu kulipa na kuikomboa mali wakati wowote kabla haijauzwa. Wakili anayejua kupanga mauzo ya namna hii ana thamani kuliko mwenye sauti kubwa mahakamani.

Nyundo ya dalali ikishagonga, haki ya kukomboa imekwisha. Mnunuzi wa mnadani analindwa na kifungu cha 99, na kinachobaki kwako kwa kawaida ni kudai fidia kutoka kwa benki. Hata hapo usimwachie wakili alale: fedha zinazozidi deni na gharama ni zako, na benki hupaswa kukupa hesabu. Mwambie aidai kwa barua wiki hiyo hiyo.

Ada

Ada za mawakili Kenya hufuata Agizo la Ujira wa Mawakili, na katika kesi hutegemea thamani ya kinachogombaniwa. Wakili hatakiwi kutoza chini ya viwango hivyo. Kwa hiyo ukimpata anayetaka nusu ya wengine wote, jiulize amepunguza nini. Wala hakuna mkataba halali wa "tukishinda utanilipa, tukishindwa basi". Sheria ya Mawakili inaubatilisha katika kesi. Kinachowezekana ni kulipa kwa awamu, na kugawa kazi vipande: mashauriano na kusoma karatasi, barua na mazungumzo na benki, kufungua kesi na ombi la dharura, kisha kesi yenyewe. Omba mapatano ya maandishi yenye sahihi, yakitaja kila kipande, gharama za mahakama na za mthamini, na kodi ya VAT ya asilimia 16. Watu wengi walio na notisi ya kwanza huhitaji vipande viwili vya mwanzo tu.

Dai risiti ya ofisi kwa kila shilingi. Fedha za kulipia deni usizipitishe kwenye M-Pesa ya wakili wala ya karani wake; zilipe moja kwa moja kwenye akaunti yako ya mkopo. Kukiwa na sababu ya fedha kupitia kwa wakili, ziingie kwenye akaunti ya wateja ya ofisi yake, ambayo sheria inamtaka aitenge na fedha zake mwenyewe.

Asiye na uwezo ajaribu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, au Kituo cha Sheria, shirika lililoanza kuwasaidia wanyonge tangu mwaka wa 1973. Huenda wasiweze kuichukua kesi ya mkopo wa biashara, lakini ushauri wa siku moja wa kusomewa notisi ni jambo unaloweza kuliomba.

Wakili akikaa na faili bila kufanya kazi, kwanza mwandikie, siyo simu tu. Una haki ya kumbadilisha wakati wowote, ukimlipa alichofanyia kazi. Bili ikikushangaza, naibu msajili wa mahakama anaweza kuikagua na kuipunguza. Na kwa uzembe au fedha zilizopotea, Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili hupokea malalamiko bila malipo.

Kwa aliye ughaibuni, Doha, Jeddah au Minneapolis, aliyejenga kwao kwa mkopo: usimwachie ndugu kwa maneno ya simu. Andika hati ya uwakala inayotaja ardhi hiyo na mamlaka unayompa, uitie sahihi mbele ya notari au afisa wa ubalozi, na wakili wako wa Kenya aisajili. Bila hiyo ndugu yako anaweza kukaa mbele ya meneja wa benki na asiweze kukubali wala kukataa lolote kwa niaba yako.

Faili lisifungwe siku deni linapoisha. Benki hutoa hati ya kuondoa rehani, na hati hiyo ni karatasi tu mpaka isajiliwe kwenye ofisi ya ardhi. Nimewaona watu waliolipa senti ya mwisho miaka mingi nyuma, na rejista bado inaonyesha jina la benki. Watoto wao ndio waliokuja kuhangaika. Mapatano ya ada na yaitaje kazi hii tangu mwanzo. Wakili akuletee hatimiliki yako na upekuzi mpya wa rejista, nawe uifungue Sehemu C, inayoorodhesha mizigo iliyo juu ya ardhi, uhakikishe kwa macho yako kwamba benki haimo tena.